Vitabu vya sauti vya historia ya vita: mimi nauliza kwanza nani alibeba mzigo

Dereva wa Kusini (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Mnazi Mmoja, ile ya njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi, siyo ya Dar. Gari limeegeshwa, utingo kashalala, na nina jambo limenikaa kifuani tangu safari iliyopita.

Mimi ni dereva wa lori. Kushuka Kusini napeleka bidhaa za maduka, kurudi nabeba korosho msimu ukiwepo. Njia ni ndefu, redio hukatikakatika, nyimbo zilezile zinachosha. Kwa hiyo mwaka wa nne huu nasikiliza vitabu vya sauti, na vilivyoniteka ni vya historia ya vita. Nimesikiliza vya Vita Kuu ya Kwanza, vya Pili, na vichache vya Vita vya Kagera. Vingi ni vya Kiingereza, maana vya Kiswahili nilivyovipata ni vya kuhesabu kwa vidole.

Safari iliyopita nilikuwa na kitabu cha vita ya Waingereza na Wajerumani hapa kwetu, 1914 hadi 1918. Kimepewa nyota nyingi, msomaji ana sauti nzito ya kuvuta. Nikakaribia Nyangao, na kitabu nacho kikafika kwenye mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917. Niliegesha pembeni nikazima injini. Wakuu, napita pale kila mwezi, nanunua ndizi pale, na sikuwa najua kwamba katika bonde lile watu walichinjana siku nne mfululizo. Mikono ilinitetemeka.

Halafu kitabu kikaniangusha. Kwanza majina. Msomaji alitamka Mahiwa kwa namna ambayo hata mwenyeji wa pale asingegeuka akiitwa hivyo. Lindi ikawa "Laindi". Lukuledi aliitafuna mpaka nikarudisha nyuma mara tatu kujua anasema mto gani. Hilo ningelimeza. Lililonishinda ni sentensi moja tu fupi: kwamba baada ya mapigano jeshi lilipata tena chakula na risasi, likaendelea na safari.

Lilipata kutoka wapi? Nani alileta? Kutoka Lindi mpaka Nyangao mimi na tani zangu natumia kama saa mbili, juu ya lami. Wakati ule farasi, nyumbu na ng'ombe walikuwa wameshakufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o, na mvua ikinyesha magari yalizama kwenye tope. Mzigo wa vita ile ulitembea juu ya vichwa vya watu. Msomaji akapita hapo kama anayesoma bei ya nyanya.

Fanyeni hesabu ya dereva. Mpagazi alibeba kama kilo 25. Naye ni mtu, anakula. Tuseme kilo moja ya unga au mchele kwa siku, akipewa. Ukimtuma kambi iliyo mbali mwendo wa siku kumi, kwenda na kurudi amekula kilo 20. Amefikisha kilo 5. Ni sawa na lori linalochoma mafuta ya tanki, likamaliza, likaanza kuchoma na yale ya kwenye mapipa lililoyabeba. Ndiyo maana kumlisha askari mmoja aliye mbele kulihitaji watu wengi nyuma yake, na ndiyo maana waliandikishwa wapata milioni moja katika vita ile. Upande wa Waingereza peke yake kumbukumbu rasmi zinahesabu vifo zaidi ya 95,000 vya wapagazi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na kula nafaka isiyosagwa wala kuiva.

Tangu siku hiyo nina kipimo changu. Kitabu cha vita kikinieleza jenerali alivaa nini, kisinieleze nani alibeba mzigo na alikula nini, nakifunga. Nyie wenzangu mnaosikiliza, mnapimaje? Karibuni.

Mwalimu Mstaafu

Mleta mada, umenigusa. Nimefundisha historia miaka mingi hapa Tanga, sasa macho hayapendi tena maandishi madogo, wajukuu wakanionyesha namna ya kupakua vitabu kwenye simu. Nikupe kipimo changu, kinafanana na chako.

Kila mtu ana tukio moja analolijua vizuri kuliko mengine. Kabla ya kuanza kitabu mwanzo, nenda kwenye sura ya tukio hilo. Mimi naenda Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta jeshi kutoka India, watu wapata 8,000, chini ya Jenerali Aitken. Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000. Waingereza wakashindwa, wakarudi melini wakaacha bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Kitabu kibovu kitakwambia ni nyuki. Naam, nyuki walikuwepo, waliwauma watu wa pande zote mbili, na kuna wanaoendelea kurudia uvumi kwamba Wajerumani walitega mizinga ya nyuki kwa nyaya. Msomaji akiusoma uvumi huo kwa sauti ya uhakika, nimeshajua mwandishi hakuchimba.

Kitabu kizuri kitakupeleka stesheni. Kitakwambia kwamba reli ilitoka Moshi hadi Tanga, na kwamba Waingereza walichelewa kushusha watu wao wakati kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, anateremsha wake kwa treni. Kitakwambia askari wale kutoka India walikaa melini wiki nyingi, wamechoka, wengine hawakuwa na mazoezi ya kutosha na bunduki walizopewa. Hapo unaelewa. Nyuki ni kitu cha kuchangamsha tu.

Naona hata hilo la reli ni lilelile lako la mzigo, kijana wangu.

Dereva wa Kusini (mleta mada)

Shikamoo Mwalimu. Hiyo ya kuanzia sura unayoijua naichukua. Mimi nilikuwa naanza mwanzo kwa adabu, nikifika sura ya nane nagundua nimepoteza bando na siku tatu za barabara.

Mpenda Mbinu

Mimi nitatofautiana kidogo. Historia ya vita ni uamuzi wa makamanda. Mtu mmoja, von Lettow-Vorbeck, akiwa na watu wachache alizungusha majeshi ya Uingereza, Afrika Kusini, India na Ubelgiji miaka minne, akaja kusalimisha silaha Abercorn (Mbala ya leo, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, vita Ulaya imekwisha wiki mbili nyuma. Hiyo ni hadithi, na msomaji mwenye sauti nzuri anaipa uhai. Ukimjazia msikilizaji hesabu za magunia atalala kwenye usukani.

Kwangu kipimo ni msomaji. Je, anajua kupumzika? Akifika kwenye barua ya askari, anabadilisha pumzi bila kuigiza? Nimeacha kitabu kizuri kabisa kwa sababu msomaji alikuwa anaigiza lafudhi ya kila taifa, Mjerumani akisema anabweka, Mhindi akisema anaimba. Na wale wanaoweka milio ya mizinga na ngoma chini ya maneno, siwawezi.

Dereva wa Kusini (mleta mada)

Mkuu, kwenye msomaji tuko pamoja asilimia mia. Watu waliokufa kweli hawahitaji ngoma chini yao.

Lakini kwenye kamanda hapana. Hiyo hadithi ya mtu asiyeshindwa nimeisikia kwenye vitabu vitatu, na vyote vinaelekea kumwamini mwenyewe, maana alichapisha kumbukumbu zake 1920 na kila mtu akazifuata. Jiulize, miaka minne alikula nini? Hakuwa na meli ya kumletea unga. Alikula mashamba ya watu. Daktari Ludwig Deppe, aliyekuwa katika msafara wake mwenyewe, aliandika kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa. Kitabu kikimnyamazisha Deppe kikamwachia jenerali azungumze peke yake saa kumi na nane, hiyo ni hotuba ya mshtakiwa, hukumu bado.

Angalia na hiyo siku ya Abercorn uliyoitaja. Vitabu vinakwambia bila kigugumizi: Wajerumani 155, askari 1,168. Sasa sikiliza wakifika kwa wapagazi na wanawake waliokuwa kwenye msafara uleule. Kila kitabu kina namba yake. Wale Wajerumani na askari walihesabiwa mpaka mtu wa mwisho.

Msikilizaji wa Dodoma

Habari zenu. Mimi sioni tangu utotoni, kwa hiyo kwangu kitabu cha sauti siyo burudani ya safarini, ndicho kitabu. Naomba niongeze mambo ambayo wenye macho huwa hamyatilii maanani.

La kwanza, migawanyo ya sura. Kuna vitabu vimekatwa vipandevipande kwa dakika, siyo kwa sura, na kipande kinaishia katikati ya sentensi. Mwalimu anasema nenda kwenye sura ya Tanga, mimi naipataje? La pili, ramani. Msomaji anasema "kama ramani inavyoonyesha" halafu anaendelea. Mimi sina ramani, na hata Dereva akiwa kwenye usukani hana. Mwandishi aliyefikiria kidogo angeongeza maneno mawili: kusini ya mto, mwendo wa siku mbili kutoka reli. La tatu, tanbihi za chini ya ukurasa. Vitabu vingi vinaziruka. Unasikia "maelfu walikufa" lakini hujui nani kasema, kwa hiyo unabaki kumwamini msomaji kwa sababu ya koo lake. Hii ni hatari kuliko tunavyodhani. Sauti nzuri inafanya hata uongo usikike kama ushahidi.

La nne ni sauti za kompyuta zinazoongezeka sasa. Matamshi yananyooka, lakini haijui inachosoma. Nilisikia moja ikisoma K.A.R. (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) kama neno moja, "kaa", kitabu kizima, na mimi nikadhani ni jina la kabila fulani. Ilisoma orodha ya waliokufa kwa furaha ileile iliyosomea jina la mchapishaji.

Halafu la nyumbani. Mimi ni Mgogo. Bibi yangu alisimulia Mtunya, njaa iliyotukumba mwishoni mwa vita ile, aliyoisikia kwa mama yake. Majeshi yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo, mvua nazo zikagoma. Nimetafuta Mtunya kwenye vitabu sita vya sauti. Kimoja tu kilikuwa nayo, dakika nne hivi. Nilikisikiliza kipande hicho usiku mmoja mara nyingi, na mama yangu akakaa pembeni nikawa namtafsiria.

Dereva wa Kusini (mleta mada)

Msikilizaji wa Dodoma, nimesimamisha kila kitu nikasoma ujumbe wako mara mbili. Pole kwa hiyo njaa, na ahsante kwa kutuletea. Hilo la koo la msomaji ndilo nililokuwa nalitafuta maneno yake siku zote.

Naongeza kitu kinachofanana na la tatu lako. Kwenye maandishi mtu anaweza kurudi juu akasoma tena; kwenye sauti namba inapita kama upepo. Mahiwa wanasema upande wa Waingereza ulipoteza watu wapata 2,700. Nilimsimulia utingo kwamba wamekufa 2,700, akaenda kuwasimulia wenzake. Niliporudisha nyuma nikagundua hesabu hiyo inachanganya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Nilijisikia vibaya, nikamrudia kijana nikamsahihisha. Siku hizi nikisikia "kupoteza" nasimamisha, nauliza: wamekufa, wameumia, au hawajulikani walipo?

Mkazi wa Nairobi

Niaje wakuu. Nimefuata huu uzi kutoka mwanzo. Huku kwetu kuna Kariokor, kwenu Dar kuna Kariakoo, na zote mbili zimetokana na jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Nimekua nikinunua viatu Kariokor bila kujua hilo.

Kuna jambo nataka mlione. Sanamu yenu ya Askari pale katikati ya Dar, iliyozinduliwa 1927, ni ya askari mmoja na bunduki yake. Ya kwetu kwenye Kenyatta Avenue ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Chini kuna maneno kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Napita hapo kila asubuhi nikienda job na nimeanza kumsalimia huyo wa mzigo kimoyomoyo.

Kipimo changu ni majina. Afisa Mzungu anatajwa jina, shule aliyosoma, hata mbwa wake. Mwafrika ni "askari mmoja", "mpishi wake", "mpagazi mwaminifu". Kama mwandishi amekaa kwenye maktaba miaka mitano akakosa jina la Mwafrika hata mmoja, basi hakutafuta.

Mwana wa Ziwa

Jambo ndugu zangu, mimi niko Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nasikiliza kwa Kifaransa na Kiingereza. Hadithi ya huku inayopendwa ni ile ya boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizoletwa kutoka Uingereza mpaka Cape Town, zikapandishwa treni, zikavutwa juu ya milima ya Katanga, zikaingizwa ziwani. Desemba 1915 zikateka boti ya Kijerumani Kingani, Februari 1916 zikazamisha Hedwig von Wissmann. Kila kitabu kinamcheka kamanda wao, Spicer-Simson, kwa sababu alivaa sketi na alikuwa na michoro mwilini. Dakika kumi za sketi!

Lakini ile barabara ya milimani nani aliikata? Madaraja yale ya magogo nani aliyajenga? Ni watu wetu, kwa mamia na mamia, na ng'ombe. Hao wanapewa sentensi moja. Hata meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilitoka Ujerumani ikiwa ndani ya masanduku, ikafika Kigoma kwa reli na kwa mabega, ikaungwa pale. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, ikainuliwa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Babu zetu wamesafiri nayo. Na wakati Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, inaingia Tabora Septemba 1916, nyuma yake walikuwa watu wa Kivu na Maniema wenye mizigo kichwani. Sijasikia kitabu kinachoanza nao.

Dereva, kipimo chako kinafanya kazi hata ziwani.

Mpenda Mbinu

Nimerudi. Jana usiku nilifanya jaribio. Nilichukua kile kitabu nilichokipenda kuliko vyote nikatafuta sehemu zote zinazotaja wapagazi. Kitabu ni saa kumi na saba. Nikajumlisha, haikufika dakika ishirini na tano, na karibu zote ni za kulalamika kwamba wanatoroka. Bado naamini mbinu ni muhimu. Ila nakubali kwamba bila kujua chakula kinafikaje, mbinu zenyewe sizijui bado, nilidhani nazijua.

Mwalimu Mstaafu

Umefanya jambo la heshima kurudi na kusema hivyo.

Niongeze moja kuhusu sauti yenyewe. Kwa Vita vya Kagera tuna bahati ambayo vita ya 1914 haina: sauti za wahusika zipo. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ya uwezo, sababu na nia, tuliisikia redioni siku ileile. Nilikuwa kijana, tumekusanyika kwenye redio moja ya jirani, hakuna aliyekohoa. Kitabu cha sauti cha vita ile kikimleta mtu mwingine kumwigiza Mwalimu wakati kanda ipo, nakiona kimemwibia msikilizaji. Na wanaotaka kurekodi vya Kiswahili waende kwa wazee wa Kyaka na Mutukula sasa hivi. Wanapungua.

Msikilizaji wa Dodoma

Dereva, nina ombi. Sura ile ya Mahiwa nimeipakua baada ya kusoma uzi wako. Nimeisikiliza, lakini sijui nipo wapi. Kushoto ni nini, kulia ni nini, vilima viko upande gani. Wewe unapita pale. Ungeniambia?

Dereva wa Kusini (mleta mada)

Ndugu yangu, nimeandika nikiwa palepale leo asubuhi, gari limezimwa. Nimekutumia na sauti pia, lakini naweka hapa kwa wote.

Unatoka Lindi, bahari iko mgongoni. Unaingia ndani, jua la asubuhi linakupiga kisogoni. Mto Lukuledi unakuja kinyume na wewe, unaelekea Lindi, kwa hiyo unapandisha bonde lake taratibu. Mkono wa kushoto, kusini, ardhi inainuka juu kabisa kama ukuta uliolala: ndiyo nyanda za Wamakonde. Kulia, kaskazini, kuna ukuta mwingine, wa upande wa Rondo. Wewe uko chini katikati. Jeshi lenye mizigo halikuwa na pa kukwepea, ndivyo nilivyoelewa leo kwa mara ya kwanza. Unapita Mtama, kuna soko, kuna harufu ya mihogo ya kukaanga. Halafu mikorosho, mikorosho, mikorosho. Nyangao ndiyo hii, kuna hospitali ya misheni, kuna akina mama wanauza ndizi na maji. Tamka Ma-hi-wa, uzito kwenye "hi".

Udongo ni mchanga. Nimeshuka nikautembea hatua mia moja nikiwa na ndoo ya maji ya lita ishirini kichwani, nijue. Miguu inazama. Nilitua ndoo mara mbili. Yule mama wa ndizi akaniuliza napeleka wapi maji, nikamweleza kuhusu wapagazi, akasema babu wa mumewe alichukuliwa kutoka huku akarudi bila sauti, hakuongea tena mpaka anakufa. Nimemwomba nirudi wiki ijayo na simu yenye chaji nimrekodi. Amekubali, ila anataka mumewe awepo.